Sakafu iliyoinama, ukuta wa saruji na unga chini ya boriti: nyumba ya mbao ya Suffolk

Swali la msomaji:

"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni Mtanzania, nimeolewa Uingereza. Mwaka huu tumehamia nyumba ya shamba waliyotuachia wakwe zangu huku Suffolk, mashariki mwa Uingereza, si mbali na kijiji cha Lavenham. Ni ya mbao, inasemekana ya karne ya 16, na imeorodheshwa daraja la II, yaani inalindwa kisheria kama jengo la kihistoria. Sakafu ya ghorofani imeinama kutoka kwenye dohani kwenda ukuta wa kaskazini, hadi gololi ya mtoto inabingirika yenyewe. Nje ukuta umepigwa lipu ya saruji ya kijivu, na chumba cha chini upande huo wa kaskazini kinanuka uvundo. Boriti za sebuleni zina vitundu, na mwezi wa tano niliona unga chini yake. Kampuni moja ilikuja na kifaa cha kupima unyevu, wakasema tudunge dawa ukutani kuzuia unyevu unaopanda, na tupulize dawa ya wadudu nyumba nzima. Fundi mwingine anasema tubomoe ukuta wa kaskazini tujenge wa bloku. Mume wangu yeye anataka tubandue lipu yote mbao zionekane, tuzipake rangi nyeusi. Majirani wanasema mbao zenyewe zilitoka kwenye meli za kale, ndiyo maana zina matundu matupu. Nina watoto wawili. Je, tuko salama humu? Tuanzie wapi?"

Jibu:

Marahaba, dada. Kwa uliyoyaeleza, sioni dalili ya nyumba inayokaribia kuanguka, kwa hiyo lala usingizi. Lakini naona hofu yako imekaa kwenye gololi, na kitu kinachoila nyumba hiyo umekitaja kwa maneno machache tu, nacho ni ile saruji ya kijivu. Mapendekezo mliyoletewa karibu yote yangeiumiza nyumba, mengine kwa namna isiyorekebishika. Msitie saini mkataba wowote mpaka mmalize kusoma hapa na mmefungua kona moja ya ukuta, nitakavyoeleza.

Mtu aliyewahi kuona nyumba ya kukandika ikisimamishwa atauelewa ukuta wenu upesi kuliko fundi aliyezoea bloku. Mzigo unabebwa na miti, na fito na udongo ni vya kuziba upepo. Huko Suffolk ni vivyo hivyo: fito zimesukwa kati ya nguzo, zikakandikwa udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na majani makavu na samadi, juu yake lipu ya chokaa yenye manyoya ya wanyama, kisha chokaa ya kupaka. Tofauti kubwa iko chini. Nguzo za kwetu huchimbiwa ardhini. Zao zinasimama juu ya boriti nene iliyolazwa juu ya msingi mfupi wa matofali au mawe ya gumegume. Boriti hiyo, ambayo hapa nitaiita kitako, ndiyo inayoitenga nyumba nzima na maji ya ardhi. Nguzo kuu zimechomekwa ndani yake kwa ulimi na tundu. Juu zinabeba mwamba unaopita urefu wote wa ukuta, na kutoka ukuta hadi ukuta inavuka boriti ya kufunga, inayozuia paa lisizisukume kuta kwenda nje. Kati ya nguzo kuu moja na nyingine huwa kiasi cha mita 4 hadi 5, na katikati yake zimepangwa nguzo ndogondogo. Katika Suffolk iliyotajirika kwa sufu, nguzo hizo zilibanwa karibukaribu kuliko ujenzi ulivyohitaji, kwa sababu mbao nyingi ukutani zilikuwa tangazo la mali.

Mbao zenyewe ni mwaloni, na zilichongwa mbichi. Mwaloni mbichi unakubali shoka, tezo na patasi, lakini ukishakauka unakuwa mgumu kama pembe. Maseremala waliiunganisha fremu uwanjani ikiwa imelala chini, wakachonga namba za Kirumi kwenye kila kiungo, wakaifungua, kisha wakaisimamisha mahali pake. Chukua tochi uiweke pembeni kabisa mwa boriti, mwanga upite kwa ubavu, utaziona: mistari iliyokatwa kwa patasi, na mara nyingi 4 imeandikwa IIII badala ya IV. Kiungo kilikazwa kwa kigingi cha mwaloni. Tundu la kwenye ulimi lilitobolewa milimita chache nje ya mstari wa tundu la nguzo, ili kigingi kikigongwa kiuvute ulimi ndani na kuubana. Halafu nyumba ikakauka ikiwa imeshasimama. Mbao hainywei kwa urefu wake, hunywea kwa unene: boriti ya milimita 200 inaweza kupoteza kama 10, na wakati huohuo inajipinda na kupasuka kwa urefu wake. Kwa hiyo nyufa ndefu unazoziona kwenye boriti, zile ambazo unaweza kuingiza sarafu, si ugonjwa, ni alama za ukaukaji uliokwisha karne nyingi zilizopita. Nyumba hizi zilipinda zikiwa changa.

Sasa gololi. Nyumba nyingi za umri huo mwanzoni hazikuwa na dohani. Katikati palikuwa na ukumbi ulio wazi hadi paani, moto ukiwaka sakafuni na moshi ukipenya kwenye paa. Panda darini: ukikuta kombamoyo za kale zina masizi meusi yaliyoganda, hata sehemu zilizo mbali na dohani, basi nyumba yenu ilikuwa ya aina hiyo. Baadaye, kwa kawaida katika karne ya 16 au ya 17, dohani la matofali likajengwa katikati na sakafu ya ghorofa ikaingizwa ndani ya ukumbi. Dohani lina msingi wake, ni zito, na matofali hayanywei kama mbao. Fremu inayolizunguka ilinywea na kushuka, nalo likabaki palepale. Ndiyo sababu sakafu za nyumba hizi karibu zote huteremka kutoka kwenye dohani kwenda kuta za nje. Gololi ya mwanao imefuata kanuni.

Unajuaje kama mteremko ni wa kale au bado unaendelea? Anza na milango ya ghorofani. Mlango wa zamani uliokatwa juu kwa mshazari ili ulingane na fremu iliyoinama unakuambia kwamba aliyeuning'iniza alikuta sakafu imeshainama. Tazama pia kama mbao za sakafu zimewekewa vipande vya kunyanyulia, au kama ubao wa chini ya ukuta umechongwa kufuata mteremko. Dalili za mwendo mpya ni nyingine kabisa: mlango uliofunguka vizuri mwaka jana na sasa unakwama, ufa wenye kingo kali na safi unaokatiza rangi mpya, kiungo ambacho ulimi umechomoka na sehemu iliyotoka ina rangi ya mbao mbichi. Sehemu iliyochomoka ikiwa nyeusi, ina vumbi na utando wa buibui, imekaa hivyo tangu enzi za babu wa mkwe wako. Ukiwa na shaka, funga skurubu ndogo mbili kila upande wa ufa, pima umbali kati yake kwa kalipa mara moja kwa mwezi, andika, endelea kwa mwaka mzima. Mwaka mzima, kwa sababu udongo wa mfinyanzi wa Suffolk huvimba majira ya baridi na kusinyaa kiangazi, na vipimo vya miezi mitatu vitakudanganya.

Kuna jambo moja la mteremko huo ambalo silipuuzi. Umesema unaelekea ukuta wa kaskazini, na ukuta huohuo ndio unaonuka. Boriti ya kitako ikioza, nguzo hukaa chini kidogo kidogo, na sakafu ya juu hufuata. Huenda sehemu kubwa ya mteremko ni ya kale na sehemu ndogo ni ya kitako. Hilo ndilo la kuchunguza kabla ya lingine lolote.

Hapa ndipo saruji inapoingia. Lipu ya chokaa ina vinyweleo na ina ulaini. Mvua ikiinyeshea inanyonya kidogo, jua na upepo vikija inayatoa maji. Nyumba ikitikisika kwa majira, chokaa inapasuka nyufa nyembamba mno na kuvumilia. Saruji ni ngumu na haitikisiki, ila fremu inatikisika. Matokeo ni nyufa za unene wa unywele, nyingi kwenye maungio na pembezoni mwa madirisha. Ufa wa unywele hunyonya maji ya mvua kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa, na maji yakishapita hayana pa kutokea, kwa kuwa uso wote uliobaki umefungwa. Yanateremka kwa uzito wake ndani ya ukuta mpaka yakutane na kitu cha kuyapokea, na kitu hicho ni kitako na miguu ya nguzo. Rangi ya plastiki nje, na jasi yenye rangi ya plastiki ndani, zinakamilisha kifungo. Mwashi mzoefu wa Mji Mkongwe Zanzibar atakuambia habari hiyohiyo kuhusu kuta za mawe ya matumbawe zilizopigwa saruji. Zinalia kwa ndani, na lipu inabanduka na jiwe lake.

Kwa kawaida chini ya saruji ya namna hiyo utakuta wavu wa chuma uliopigiliwa kwenye mbao, na nyuma yake karatasi yenye lami. Karatasi ile iliwekwa kuzuia maji yasiingie, nayo inazuia yasitoke. Wavu umeshika kutu, misumari imeliwa na tindikali ya asili iliyomo kwenye mwaloni, na mbao nyuma yake ina rangi ya tumbaku iliyoloweshwa. Ukiibonyeza kwa kidole inatoa maji.

Kuhusu kile kifaa cha unyevu. Ni kifaa cha kweli, lakini kimetengenezwa kupimia mbao. Kinapitisha umeme mdogo kati ya ncha mbili na kusoma jinsi unavyopita. Kwenye lipu au tofali namba yake si asilimia ya maji, na chumvi zilizomo kwenye ukuta wa zamani peke yake zinatosha kukifanya kilie hata ukuta ukiwa mkavu. Kitumieni kwenye mbao, hapo kina maana: chini ya asilimia 20 mbao iko salama, kati ya 20 na 25 itafute maji yanatoka wapi, zaidi ya hapo kuvu inaweza kuishi na kuila. Na ile dawa ya kudungwa dhidi ya unyevu unaopanda haina kazi kwenye nyumba yenu. Hudungwa kwenye ukuta mzima wa tofali ili maji yasipande. Ukuta wenu ni mbao na udongo juu ya msingi wa sentimita chache, na maji yake yanatoka juu na pembeni. Mkidunga, mtabaki na matundu, bili, na uvundo uleule.

Wadudu nao. Kwanza, si mchwa wa kwetu, kwa hiyo iondoe ile picha ya nyumba kuliwa kwa msimu mmoja. Wapo wawili wa kuwafahamu. Mdogo ni fukusi wa samani, Anobium punctatum, tundu lake la kutokea ni milimita 1.5 hadi 2, na anapenda ile sehemu laini ya nje ya mti, iliyokuwa karibu na gome. Akishaimaliza hiyo, kiini cha mwaloni mkavu hakimfai. Mkubwa ni Xestobium rufovillosum, ambaye Waingereza walimpa jina la mkesha wa kifo kwa kuwa kichwa chake kikigonga mbao usiku kilisikika katika nyumba yenye mgonjwa anayekeshewa. Tundu lake ni kama milimita 3, hutokea majira ya kuchipua, kati ya Aprili na Juni, na buu wake anaweza kuishi ndani ya mbao miaka 10 au zaidi. Huyu anataka mwaloni uliokwisha kulainishwa na kuvu. Kwa maneno mengine, anafuata maji. Ukikausha mbao, unamnyima chakula.

Unga wa mwezi wa tano unalingana na majira ya wote wawili, kwa hiyo uangalie wenyewe. Umwage kidogo kwenye karatasi nyeupe. Punje za mkesha wa kifo ni kubwa kiasi cha kuonekana kwa macho, umbo lake kama kitumbua kidogo kilichobonyezwa. Za fukusi mdogo utahitaji lenzi, na mkononi zinakwaruza kama mchanga. Kisha pima kama shughuli bado ipo: gundisha karatasi nyembamba juu ya vitundu mwezi Machi, na mwezi Julai uhesabu mangapi yametobolewa. Vumbi linaloanguka kwenye tundu la kale kwa mtikisiko wa watoto wanaoruka ghorofani si ushahidi wa mdudu aliye hai.

Dawa ya kupuliza nyumba nzima siikubali. Haiingii zaidi ya milimita chache, wakati buu yuko ndani. Inaua buibui, ambao ndio wanaowala wadudu hao wakitoka. Inakaa kwenye chumba wanamolala watoto. Tena kuna jambo la sheria: popo na maficho yao wanalindwa Uingereza, na kupuliza dawa kwenye dari wanamoishi ni kosa la jinai. Ikithibitika kwamba boriti moja ina mkesha wa kifo hai na haiwezi kukaushwa, basi boriti hiyo pekee itibiwe na mtaalamu.

La meli nalijibu kwa kifupi. Ni hadithi tamu na husimuliwa Uingereza nzima, hata vijiji vilivyo mbali na bahari. Matundu matupu unayoyaona yana maelezo ya karibu zaidi: aidha kulikuwa na ukuta au nguzo iliyoondolewa, aidha boriti ilitolewa kwenye jengo lingine la nchi kavu na kutumika tena, jambo lililokuwa la kawaida kwa kuwa mwaloni ulikuwa mali. Mbao zilizopinda zilichaguliwa msituni kwa makusudi, ziwe mikono ya kuzuia fremu isilale. Pitisha vidole chini ya mwamba wa juu, hasa juu ya madirisha. Ukigusa safu ya vishimo vyenye umbo la almasi, hapo palikuwa na dirisha la vijiti bila kioo, kabla familia ya shamba haijamudu kioo. Hicho ni kitu cha kweli, na ni kizuri kuliko meli.

Mwambie shemeji, kwa upole, kwamba rangi nyeusi kwenye mbao za nje ilienea zaidi katika karne ya 19. Mashariki mwa Uingereza mwaloni uliachwa ugeuke wa fedha, au ukapakwa chokaa pamoja na ukuta. Rangi nzito nyeusi inafunga maji ndani ya mbao kama saruji. Na kuibandua lipu ili mbao zionekane ni kuiondolea nyumba koti lake. Nyumba nyingi za Suffolk zimevaa lipu nzima kwa karne kadhaa, nyingine zikiwa na nakshi. Mbao zilizo chini yake mara nyingi zimekatwakatwa kwa shoka ili lipu ishike, na kati ya nguzo na udongo kuna nafasi ya milimita kadhaa ambayo upepo na mvua vitapita moja kwa moja mpaka sebuleni. Wala msikubali mtu azipige mbao kwa mchanga wa mashine. Alama za tezo na namba za maseremala zitafutika kwa saa moja, na hakuna fundi atakayezirudisha.

Tuanze kazi. Toka nje siku ya mvua kubwa, simama upande wa kaskazini kwa nusu saa uangalie maji yanakwenda wapi. Mifereji ya paa imejaa majani? Bomba la kuteremshia linavuja kwenye kiungo? Maji ya paa yanamwagika mguuni mwa ukuta? Yashughulikieni hayo wiki hiihii, ni ngazi na mikono tu. Kisha pima ardhi. Kwa mamia ya miaka ardhi ya bustani huinuka: mbolea, kokoto, zege la njia. Kitako kinatakiwa kiwe juu ya ardhi angalau milimita 150, na 200 ni bora. Kama ardhi imekifikia au kukifunika, umeshampata mkosaji wa pili. Shusheni udongo kwa upana wa kama nusu mita kwa jembe la mkono, taratibu, mteremko uelekee mbali na nyumba, lakini msichimbe chini ya msingi. Misingi hii huwa mifupi ajabu, na mtaro mzito wa mashine unaweza kuung'oa. Kama kuna zege limegusa ukuta, likatwe.

Ndani, hamisheni kabati na magodoro kutoka ukuta huo, fungueni madirisha, na dohani lisizibwe. Watoto wasilale chumba chenye ukungu mpaka kikauke.

Hatua inayofuata ni kufungua kona. Kwa kuwa jengo limeorodheshwa, mpigie kwanza ofisa wa uhifadhi wa halmashauri ya wilaya, mweleze kwamba unataka kufungua eneo dogo la uchunguzi. Baadhi watakubali kwa barua pepe, baadhi watataka maombi rasmi. Mahali pa kufungua ni pembe ya chini ya kaskazini, kama sentimita 40 kwa 40, kwa nyundo ndogo na patasi, bila mashine ya kutikisa. Mbao ikionekana, chukua msharasi wa fundi viatu au bisibisi nyembamba uisukume kwa nguvu ya mkono. Kwenye kiini cha mwaloni kizima haiingii zaidi ya milimita 2 au 3. Ikizama milimita 20, hapo pameoza. Endelea kujaribu kuelekea juu kwenye nguzo na pembeni kwenye kitako, andika kina kila sentimita 10. Uozo mara nyingi hukoma ghafla, na kutoka hapo kwenda juu mbao ni nzima kabisa. Mstari huo ndio utakaoamua gharama.

Mkikuta mbao nzima na unyevu chini ya asilimia 20, mna haki ya kusubiri. Kutoa saruji nako kunaumiza, maana wavu na misumari vinaweza kuondoka na fito na udongo wa karne ya 16. Ukuta mkavu wenye saruji ambayo haijapasuka unaweza kuachwa huku ukichunguzwa kila mwaka. Nasema hivi ingawa saruji siipendi.

Mkikuta uozo kiasi, chini tu, toeni saruji upande wa kaskazini peke yake, kitako kitibiwe, lipu ya chokaa irudi. Ni njia ya kati, na kwa maelezo yako nadhani ndiko mtakakofikia. Kutoa saruji nyumba nzima kwa mkupuo kunapendeza, ila kunahitaji jukwaa pande zote na fedha nyingi, na kunafungua mambo mengi kwa wakati mmoja.

Ukarabati wa kitako ni kazi ya seremala wa fremu aliyezoea nyumba za aina hii, si mjenzi wa kawaida. Nguzo zinategemezwa kwa vyuma vya kurekebisha urefu, kipande kilichooza kinakatwa, kingine cha mwaloni kinaingizwa, sehemu kwa sehemu, urefu mfupi kila mara ili ukuta usikose pa kukalia. Mguu wa nguzo uliooza haumaanishi nguzo mpya. Unakatwa penye mbao nzima na kuungwa kwa kiungo cha mshazari, chenye urefu wa mara mbili hadi tatu ya unene wa nguzo, kikafungwa kwa vigingi au boliti za chuma kisichoshika kutu. Kipande cha kuungia kiwe cha mwaloni uliokauka kadiri inavyowezekana, kwa sababu mbichi utanywea na kuachana na mwenzake wa kale. Mtu akikuambia ajaze mashimo kwa povu la kopo au kwa zege, mshukuru na umwonyeshe lango. Na ukuta wa bloku uliopendekezwa utakuwa mgumu ndani ya nyumba laini, fremu itajitenga nao kila majira, maji yatapata njia mpya, na mtakuwa mmevunja sheria.

Hilo la sheria lisikuchanganye, lakini lijue. Chini ya sheria ya majengo yaliyoorodheshwa ya mwaka 1990, kubomoa au kubadilisha jengo kwa namna inayogusa thamani yake ya kihistoria bila kibali ni kosa la jinai, adhabu yake ni faini isiyo na kikomo au kifungo cha hadi miaka 2. Inahusu ndani na nje, daraja la II sawa na daraja la I. Amri ya kurekebisha kazi isiyo na kibali haina ukomo wa muda na inaweza kumfuata mmiliki mpya, kwa hiyo ulizia kama saruji ile na jasi za ndani ziliwekwa kwa kibali. Ukarabati wa kubadilisha kitu kwa kitu kilekile mara nyingi hauhitaji kibali. Kutoa saruji na kuweka chokaa mara nyingi kunahitaji. Kuomba hakuna ada.

Lipu yenyewe: tabaka tatu, za kwanza mbili kama milimita 10 kila moja zikiwa na manyoya ya mbuzi, ya mwisho milimita 3 hadi 5. Mchanganyiko wa kawaida ni chokaa laini iliyorowekwa sehemu 1 kwa mchanga mkali sehemu 3. Kila tabaka likae kwa siku kadhaa na lifunikwe kwa magunia mabichi lisikauke haraka. Chokaa haitaki baridi ya chini ya nyuzi 5, na lipu mbichi ikipigwa na barafu inabomoka. Kwa hiyo fundi apangiwe kati ya Aprili na Septemba. Juu yake chokaa ya kupaka, nyepesi kama maziwa, mara 4 au 5. Watoto wawe mbali na mafundi wavae miwani, chokaa mbichi inaunguza macho. Na rangi za zamani za milango na madirisha msizisugue kwa msasa mkavu, zinaweza kuwa na risasi.

Yapo mambo matatu ambayo yakionekana usisubiri barua wala msimu. La kwanza, boriti ya kufunga iliyokatwa. Sakafu ilipoingizwa ukumbini, boriti hizo zilizuia njia ya ghorofani, na wengi walizikata ili kupata mlango. Pita chumba hadi chumba ghorofani ukaangalie kama boriti nene inaishia ghafla kila upande wa mlango, kisha kutoka nje utazame kama ukuta unatokeza mahali hapo. La pili, ulimi uliochomoka zaidi ya milimita 50, au vigingi vilivyovunjika vikiwa na rangi mpya. La tatu, mguu wa nguzo kuu ambao msharasi unazama ndani yake pande zote. Mwite mhandisi wa miundo aliyeidhinishwa kwa majengo ya kihistoria, kupitia orodha ya Uingereza iitwayo CARE. Wakati mwingine tiba ni utepe wa chuma na boliti nne, ila mwenye kuamua awe ameiona. Kwa ukaguzi wa jumla, tafuta mkaguzi wa majengo mwenye ithibati ya uhifadhi ambaye hauzi dawa. Kile chama cha kulinda majengo ya kale, SPAB, kilichoanzishwa na William Morris na wenzake mwaka 1877, kina simu ya ushauri wa bure kwa wenye nyumba kama nyie.

Ukishafungua kona ile, niandikie tena. Nipe kina cha msharasi kila sentimita 10, namba ya unyevu kwenye kitako, umbali kati ya ardhi na kitako, na picha moja ya unga kwenye karatasi nyeupe kando ya rula.